Mbegu ya Mama Endabash

Baba alipofariki nilimchukua mama kwa nguvu. Simung'unyi maneno, ilikuwa kwa nguvu. Alibaki peke yake kule juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, kwenye ukungu na baridi, na mimi nina nyumba ya kutosha huku chini kwenye joto, Endabash. Akaja na mablanketi yake, kisha akaanza kukataa chakula. Viazi vitamu tu ndivyo alivyomega, kimya kimya.

"Viazi mviringo vyenu vina maji," alisema.

Nikaenda soko la Karatu. Muuzaji akaniapia kwamba vyake vimetoka juu, na kweli vilitoka juu, ila vilikuwa vile vyeupe wanavyopenda watu wa chipsi. Mama alionja kimoja akasukuma sahani. Alikuwa anakonda namwona, nami niliogopa nitamzika kwa sababu ya kiazi.

Basi nikapanda hadi kwake, nikachukua vile vyekundu vilivyokuwa vimechipua darini, nikavipanda nyuma ya jiko langu. Udongo wetu ni mweusi, mzito, jua likiwaka unapasuka. Nilimwagilia kila jioni, mume wangu akinitania kwamba hata yeye hajawahi kutunzwa hivyo.

Vilipokomaa nikavichemsha na maganda, kwa chumvi tu, anavyopenda. Rangi ile ile, macho yale yale. Lakini kwake kiazi hiki ukikiepua kinapasuka chenyewe, unga mtupu. Changu kiliteleza mdomoni kama sabuni. Hata hivyo mama alimaliza sahani yote, nikadhani nimeshinda.

"Umehangaika sana, mwanangu," akasema. "Mbegu ni yenyewe. Baridi ndiyo hukuweza kuibeba. Sasa nirudishe."

Nilikasirika, nikasema maneno mengi, nikalia. Wiki ile ile nikampeleka.

Alikwenda shambani kuchimba viazi vilivyojiotea, hata kabla ya kufungua nyumba. Siku hiyo alikula, akaongeza, akala tena. Wakati wa kuondoka akanijazia kiroba.

"Vya kula hivyo," akanionya. "Usipande."

Nilikuwa nimeshafika njiani, machozi yananilenga, aliponiita.

"Ukija uniletee viazi vitamu vya kwako. Vya huku ni nyuzi tupu. Vile vya kwako ni vitamu kweli."

Miezi yote ile aliyokaa kwangu, hakuwahi kuniambia.