Hoteli ya Papa Meya

Turubai jipya likichomwa na jua hunuka kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa nyumbani kwetu tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nilikuwa na miaka tisa. Kabla ya vita, baba yangu alikuwa meya wa mji mdogo kule Kivu ya Kusini, Kongo, na mwenye hoteli pekee ya mji huo. Vita vilimnyang'anya vyote viwili, ila yeye alijifanya hajapata taarifa. Mvua hazijaisha, alikuwa amesimamisha nyumba ya udongo ya vyumba vinne na kuandika mlangoni kwa mkaa: HOTELI. Waganda waliotoka mji jirani wa Kaberebere kwa bodaboda waliingia, wakaketi, wakaagiza matoke. Kwao hoteli ni mahali pa kula; kwetu ni mahali pa kulala.

Vita vilipochacha tena, wakaja watu wasio na kadi za ukimbizi. Baba akawapa vyumba. Niliwahesabu kumi na mmoja. Niliporudia, kumi na wawili, mmoja alikuwa kichanga mgongoni mwa mama yake. Asubuhi moja akaja askari.

"Mzee, hii hoteli chakula iko wapi?"

"Afande, kwetu hoteli ni fasi ya kulala. Batu banakulaka kwabo."

"Hapa hoteli ni chakula. Bila chakula, hii ni nyumba ya kuficha watu. Saa saba narudi na lori, hawa wanarudi mpakani."

"Na kama chakula iko?"

"Basi ni wateja. Mimi na wateja nina kesi gani?"

Baba alimkamata hapo hapo, kwa neno lake mwenyewe. Mama akabandika maharage, majirani wakaleta unga wa muhogo na sahani. Saa saba askari aliwakuta watu kumi na mmoja mkekani, wanakula polepole kama wenye haki ya kukawia. Sahani ya kumi na mbili ilikuwa yake. Akatazama lori, akatazama bugali.

"Papa Meya," akasema akikaa, "ongeza mchuzi."

Lori liliondoka tupu.

Leo nina nyumba ya wageni Ruharo, Mbarara: vitanda tisa, vyandarua tisa, leseni ukutani. Baba hakuwahi kuwa na leseni, wala hakuna aliyemwamuru aone kitambulisho kabla ya kutoa ufunguo. Mimi naamriwa. Mwaka huu wanakuja Warundi, wengi wana majina tu. Nawapa ufunguo kwanza. Kitambulisho tutaulizana wakishaamka.