Ukoo wa Vibeti Wangu

Likizo moja ya miaka ya themanini, nyumbani Mbololo, mimi na dada yangu tulicheza mchezo wa dadu na hadithi tuliofunzwa na mwalimu wetu wa shule. Kila mmoja alibuni ukoo wa vibeti, watu wafupi waishio ndani ya milima. Katika ukoo wangu, mzee akifa, fuvu lake liliwekwa pangoni.

Mama, mtu wa kanisa, aliacha kuchambua mboga.

“Nani amekuambia hayo?”

“Niliyaona mafuvu pangoni nikichunga mbuzi.”

Mama akaweka mboga kando.

“Mmoja wao ni babu yangu. Zamani ndivyo wazee wetu walivyohifadhiwa.”

Kesho yake alitupeleka pangoni. Alisali kwanza, kisha akamwamkia babu yake kwa Kidawida, lugha yetu, kwa upole, kama mtu aliye hai. Likizo ile hatukucheza tena.