Nyutroni Zikibanwa Mno

Nakumbuka asubuhi moja pale Mkata, mdogo wangu Rehema alivua sare ya shule, akaikunja, akaniwekea mapajani. "Vaa wewe, dada. Si wewe ndiye unayesoma?"

Mwanangu, haki ya kunikejeli alikuwa nayo. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita nimlee. Alipofika kidato cha tatu hofu ikanishika: akiharibikiwa huyu, nitawajibu nini marehemu? Nikahamisha beseni langu la maandazi kutoka stendi hadi getini pa shule yake. Kila mapumziko nachungulia amekaa na nani. Wenzake wakawa wanamcheka, "Rehema, askari wako kafika!" Sasa alikuwa ameapa harudi tena.

Kumfokea nilishindwa. Nikafungua daftari lake la fizikia, nikauliza vile viduara vilivyogusana ni nini.

"Nyutroni. Chembe za ndani ya kiini cha atomu," akajibu amenuna. "Hazina chaji ya umeme ya kuzivuta wala kuzisukuma. Zikiwa mbali, hazijuani. Zikikaribiana, nguvu ya kiini inazivuta. Ukizibana zaidi ya hapo, zinasukumana."

"Zinasukumanaje, na chaji hazina?"

Akasahau kununa, maana somo hilo alilipenda. "Ndani yake kuna vijichembe vidogo zaidi. Vya aina moja haviwezi kukaa mahali pamoja katika hali ileile. Ndivyo maumbile yalivyo, dada. Ukilazimisha, nguvu ileile iliyovuta inageuka kusukuma." Akanitazama. "Kama wewe. Najua unanipenda. Lakini umenibana, sipumui."

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo nilivyokuwa najitetea. Kumbe hata mbichi, ukimkunja kupita kiasi, anavunjika.

Nilimrudishia sare, nikajitwika beseni hadi stendi. Rehema alifika shuleni kwa kuchelewa, akachapwa, lakini alifika. Kazi ngumu kwangu ilikuwa kutouliza. Wiki ya tatu akaja mwenyewe stendi, akachukua andazi bila kuomba, akanisimulia mtihani wake mpaka basi la Korogwe likaondoka. Leo yuko hukohuko Korogwe, anafundisha fizikia.

Mwanangu uliyeachiwa wadogo zako, usiwaache wakawa mbali hata msijuane, wala usiwabane hata upendo wako ukawafukuza. Kaa pale ambapo wakikuita utasikia, kisha waache wakue. Mungu akupe subira ya kungoja waje wenyewe, nao waje. Amina.