Eda ya Mchezaji

Jumapili, katika ofisi ya michezo ya chuo kimoja hapa Maskati, mbele yangu kwenye foleni walisimama bibi na mjukuu wake. Binti huyo hucheza mpira wa wavu, na alikuwa amehama chuo ili akae karibu na bibi yake, mtaa wa Mabela.

"Ukihama chuo cha miaka minne kuja chuo cha miaka minne," karani alimwambia, "hutocheza mechi msimu mzima. Ndiyo kanuni, ili vyuo visiibiane wachezaji."

Bibi akashusha miwani. "Kumbe mchezaji naye hukaa eda?"

Karani akacheka. "Ni kama eda, bibi."

"Na kocha wenu mpya, si katoka chuo hichohicho alichotoka huyu?"

"Ndiyo. Yeye keshaanza kazi."

"Basi hiyo eda khasa. Mwanamume hakai."

Tulicheka sote isipokuwa binti. Alikuwa ameinama, anakaza kamba za viatu.

"Mazoezi nayo yamekatazwa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hayakukatazwa."

"Leo saa ngapi?"

Nilipotoka nilimkuta uwanjani peke yake, anaupiga mpira ukutani kama una deni lake. Waliotunga kanuni wamempa msimu mzima wa kujinoa. Ningekuwa timu pinzani, ningeanza kuogopa leo.