Kliniki Mbili na Mguu wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Duka langu ni dirisha la sebule, kwa hiyo nauza sabuni bila kuvua kandambili, na nikienda sokoni naaga kama mtu anayehama mkoa. Mambo ya bima niliyasikia redioni. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba kila mtu akiwa na bima, hospitali zitagombania wagonjwa na huduma zitakuwa tamu. Nikamwamini moja kwa moja. Hapa mtaani kwetu Mazwi kuna kliniki mbili zinazotazamana, na wakati huo zote zilikuwa zinanigombania mimi.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa na kadi tu. Mke wangu ni mwalimu, anafundisha Namanyere na hurudi Ijumaa. Bima ni yake. Sisi wengine tumening'inia humo, mimi, watoto na mama yake mzazi. Kliniki ya kwanza ilinipima presha ikanipa chai ya maziwa. Ya ng'ambo iliposikia, ikaongeza andazi. Nilipimwa presha mpaka presha yenyewe ikanizoea.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka kijijini, njia ya Matai, nikampeleka huko kama unavyompeleka mgeni kuona mji. Alipiga magoti, akapiga makofi ya salamu kama tunavyosalimiana Wafipa, na wauguzi wakayeyuka.

"Jamani, bibi yetu! Kadi unayo?"

Wakampima damu, mkojo, macho, na tumbo wakalipiga picha.

"Bibi una afya ya kisichana. Urudi wiki ijayo."

"Watu hawa wana adabu, baba," aliniambia tukirudi, akitazama ukuta wa jirani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo.

Kumbe chini ya kitenge alikuwa na kidonda. Jembe lilimkwangua kwenye muundi shambani, naye angeuonyeshaje mguu kwenye nyumba ya mkwe? Mimi kwa akili zangu za kidato cha nne nilisikia harufu nikatega panya. Mke wangu aliporudi Ijumaa hakuhitaji mtego. Aliuona ule mguu umevimba, akatoka na kunifuata dirishani.

"Jumatatu asubuhi unampeleka. Mama yangu akikatwa mguu, wewe na dirisha lako mtanitambua!"

Kliniki ya kwanza, muuguzi aliinua pindo la kitenge, akalishusha taratibu kama pazia la kanisa.

"Hiki ni cha kusafisha kila siku, wiki nyingi. Wenzetu wa ng'ambo ndio mabingwa wa vidonda."

Sikuwahi kuwasikia wakiwasifu wale. Tukavuka barabara, mama akichechemea, mimi nikitangulia nisimwone anavyochechemea.

"Vidonda?" akasema daktari wa ng'ambo. "Hapana, kwa vidonda nendeni kwa wale wa kule, wana uzoefu. Presha tumpime lakini?"

Wakampima. Chai ikaja, na andazi.

Ndipo nikaelewa kwamba kliniki zote mbili zimeoa kwetu. Salamu tele, heshima tele, ila mguu wa mama mkwe hautazamwi. Nikataka kucheka, nikajikuta na mimi nimesimama mlangoni, uso nimeuelekeza kwenye kalenda.

Kwenye kituo cha afya cha serikali, tulikoishia, hakuna chai. Kuna benchi refu, baridi, na muuguzi aliyevaa sweta juu ya sare. Zamu yetu ilipofika alifunua mguu kabla hajaulizia kadi.

"Unaokoleka. Mkiuchezea, unakatwa. Nyumbani nani atamsafisha?"

"Mke wangu. Ijumaa."

"Leo Jumatatu, baba. Kidonda hakijui Ijumaa."

"Mimi ni mkwe wake, dada."

"Basi safisha kwa heshima."

Jioni ile nilichemsha maji ya chumvi, nikafunga dirisha, wateja wakadhani kuna msiba. Mama mkwe akajifunika kitenge kichwa kizima asinione nikimwona, akaniachia mguu. Tukazungumza kupitia kitenge.

"Umeshika, baba?"

"Nimeshika, mama."

"Unatazama?"

"Sitazami."

"Tazama bwana, utaniunguza!"

Nikatazama. Mbingu haikuanguka. Kila jioni tulifanya hivyo, yeye ndani ya kitenge chake, mimi na pamba zangu, na mambo ambayo mkwe na mama mkwe hawasemi maishani tukayasema, kwa sababu hakuna aliyemwona mwenzake usoni. Mpaka mvua za kwanza zinaanza, ngozi ilikuwa imefunga.

Wiki hiyohiyo simu ikalia. Ilikuwa kliniki ya kwanza, wanamtaka bibi, nikampa mama simu.

"Shikamoo bibi! Tumekukumbuka. Tuna kipimo kipya cha mifupa."

"Marahaba, wajukuu. Mguu umepona, sasa mnaweza kuutazama."

"Nani alikutibu, bibi?"

"Wa serikali. Halafu mkwe wangu."

"Mkwe! Ana leseni?"

"Ana dirisha."

Akanirudishia simu huku akitazama ukuta, akatoka uani kupepeta ulezi, amesimama kwa miguu yake yote miwili.