Kigoda Anachokichekea Lusungu

Saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi, Editha Ngailo amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Anaficha uso kwa kitenge, halafu anaufunua ghafla.

Mtoto aliye mbele yake hacheki. Hashtuki. Wala halii.

"Mpole huyu, dada Editha," anasema mama yake. "Hasumbui. Majirani wananionea wivu."

"Wangekuonea huruma, mama Lusungu."

Lusungu ana miaka mitatu na miezi miwili. Ukimwona utasema wa mwaka na nusu. Urefu wake ni sentimita themanini na moja.

Editha ni mhudumu wa afya wa kijiji huku Njombe. Kwa miaka tisa amepima watoto waliodumaa. Zamani alipima kimo, akaondoka. Siku hizi ana fomu: mtoto akiumia anamkimbilia nani? Anacheza na wenzake? Anakasirika?

"Kosa letu tulikuwa tunampa umri wa kimo chake," anasema. "Mfupi, basi tunamwona mchanga. Akinyamaza, tunamsifia."

Amefika swali la kumi na nne: je, mtoto hutabasamu akimwona mtu aliyemzoea? Mama anatoka nje, anaingia tena. Lusungu anamtazama kama anavyoutazama ukuta.

Kisha anageuza shingo kuelekea jikoni. Anatabasamu. Ananyoosha mkono.

Kule kuna kigoda. Hakuna mtu.

"Kila asubuhi yuko hivyo," mama ananong'ona. "Bibi yake alikuwa anakaa hapo. Mimi alfajiri nilikuwa nishaenda kuchuma chai, yeye ndiye kamlea. Tumemzika mwezi wa tatu."

"Mbona hamjakiondoa?"

"Tulikiondoa. Siku mbili hakula."

"Na wewe hujawahi kukikalia?"

"Nikikalie niwe nani? Mama mkwe yule. Nimkalie mapajani?"

Editha anacheka, kisha anarudisha macho kwenye fomu. Akiandika ndiyo, Lusungu amefaulu, na hapelekwi mjini kwa wataalamu. Akiandika hapana, ataandikaje, na tabasamu kaliona kwa macho yake?

Anaacha nafasi wazi.

"Natamani siku moja amlilie mama yake," anajisemea njiani akirudi. "Akimlilia, nitajua karudi kwetu."

Jioni anamtumia mama ujumbe: *Kesho kabla ya kunywa chai kaa kwenye kile kigoda, umwite jina lake. Usiogope. Niambie kafanya nini.*

Kesho yake mchana simu inaonyesha kuwa ujumbe umesomwa tangu alfajiri. Jibu halijaja, basi Editha anachukua ile fomu yenye nafasi wazi na kushika njia kurudi kwa kina Lusungu.