Mlio wa Kushindwa

Enzi zetu, mtoto akishindwa kwenye gemu, jirani wa ng'ambo ya bonde alijua. Hatukuwa na spika za kuchomeka masikioni, wala hatukujua kwamba kucheza kimyakimya kunawezekana. Kama ulikulia Mbulu kabla nguzo za umeme hazijapanda huku kwetu Maretadu, utakikumbuka kile kidude cha plastiki cha kijivu chenye vitufe vya njano. Vitofali vyeusi vilidondoka kutoka juu ya kioo, nawe ukahangaika kuvipanga visijae mpaka juu. Tulikiita gemu ya matofali. Changu aliniletea mjomba kutoka mnadani Katesh, na nilipokiwasha mara ya kwanza nilijiona nimeshafika Ulaya.

Wazazi wangu hawakufika nami. Kila kitufe kilikuwa na mlio: ti, ti, ti. Ukijaza mstari, tiriii! Ukishindwa, kidude kilikuimbia wimbo wa msiba, pwee-pwe-pwe-pweee, na kuurudia mpaka ubonyeze kuanza upya. Kitufe cha kuzima sauti kilikuwepo, lakini mdogo wangu Sulle alikimwagia uji wiki ileile, kikaganda moja kwa moja.

Baba alikuwa mtu wa kimya. Alipenda vitu viwili visikatizwe: sala ya chakula na taarifa ya habari ya redioni. Kidude changu kilikatiza vyote. Siku moja tumeinamisha vichwa juu ya makande, yeye yuko katikati ya kumshukuru Mungu, mfukoni mwangu kikalia pwee-pwe-pwe. Baba alimaliza sala, akasema amina, kisha akanigeukia. "Paskalina, hicho kifaranga chako kimekosa mama? Kuanzia leo kisilie ndani ya nyumba yangu. Kikalie huko malishoni."

Basi nikahamia malishoni, na sikuona nimeadhibiwa. Nilichunga ndama kwenye majani yenye umande, viazi vitamu vya kuchoma vikiwa vimefungwa kwenye kanga, nikicheza mpaka vidole gumba vikafa ganzi. Betri zikichoka tuliziuma kwa meno. Zikichoka zaidi tulizianika juani pamoja na maharage, na jioni zikafufuka. Vijana wa leo wakiona chaji imefika nusu wanatafuta soketi kwa jasho kama wamefiwa. Waambie waanike simu juani uone.

Katika wale ndama alikuwepo mmoja ambaye hakuwa wetu. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye madoa meupe, tukamwita Madoa. Mwenyewe alikuwa Mzee Gidamis, mfugaji wa Getanuwas huko Hanang, rafiki wa baba tangu ujana wao. Kwetu mtu humwekea rafiki yake ng'ombe. Wewe unamtunza na kunywa maziwa, ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe, na urafiki ni wa familia zote mbili. Baba alikuwa akituambia, "Ng'ombe wa kwako akipotea umepoteza ng'ombe. Wa rafiki akipotea, umepoteza mtu."

Madoa alikuwa mlafi wa chumvi. Nilibeba mfukoni chumvi ya Ziwa Balangida, na kwa kuwa nikicheza mikono haikuwa na nafasi, nilimpa pale tu nilipokwisha kushindwa. Haikupita muda akajifunza. Nikijaza mstari, tiriii, hata sikio hakutikisa. Nikishindwa tu, pwee-pwe-pwe-pweee, anakuja mbio kutoka alikokuwa na kunisukuma na pua yake yenye maji. Sijawahi kuona kiumbe mwingine aliyefurahia kushindwa kwangu kiasi kile, ukimwacha Sulle.

Kisha ikaja ile alasiri ya ukungu. Mnaujua ukungu wetu wa miezi ya baridi, unashuka mlimani na kulala juu ya mashamba mpaka hata mkono wako unautafuta. Nilikusanya ndama harakaharaka kuwarudisha, na tulipofika zizini Madoa hakuwemo. Mzee Gidamis alikuwa ameshatuma salamu kwamba kesho yake angekuja kumwona mtamba wake.

Baba alitoka akapiga mluzi anaowaitia ng'ombe. Ng'ombe wakubwa wote walijibu kutoka zizini, lakini huko kwenye ukungu hakuna kilichosogea. Na huko bondeni fisi hawakuwa hadithi ya kutishia watoto. Alirudi amelowa, akakaa kwenye kigogo nje ya mlango. "Kesho nitamtazama Gidamis kwa macho gani?" alisema. Sikuwahi kumwona baba akiogopa, na moyo uliniuma kuliko kama angenichapa.

"Baba," nikasema, "Madoa huwa anakuja nikishindwa."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisoma misa. Nikamweleza habari ya chumvi. Mama alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Alizitoa betri kwenye kidude, akazipasha moto kando ya mafiga, akazirudisha na kumpa baba mkononi. "Nenda kashindwe, baba Paskalina," akasema, na kicheko kilikuwa kimemjaa mashavuni.

Tukaingia kwenye ukungu, mimi nimeshika chumvi, baba ameshika kidude. Nilitaka nicheze mimi, akakataa. Ng'ombe wa rafiki yake angemtafuta mwenyewe. Na kwa kushindwa, baba alikuwa bingwa. Hakujua kitufe kipi kinafanya nini, vitofali vikajaa mpaka juu upesi, pwee-pwe-pwe-pweee, bonde zima likasikia. Tukasogea, akashindwa tena. Tulipofika karibu na mkondo wa maji, ghafla nikasikia tiriii! Baba alikuwa amejaza mstari.

Akasimama. Akajaza wa pili. Uso wake uling'aa kwa mwanga hafifu wa ule ukungu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Baba, shindwa!" nikamlilia. "Shindwa tu!"

"Ngoja kidogo. Hili refu linakaa hapa."

"Baba, Madoa!"

Nikamgonga kiwiko. Vitofali vikaparaganyika, vikajaa, na ule wimbo wa msiba ukalia mrefu kuliko siku zote. Kabla haujaisha tulisikia matawi yakivunjika upande wa chini, na pua yenye maji ikapenya ukunguni, ikampita baba, ikaja moja kwa moja kwenye kiganja changu. Baba alimkumbatia Madoa shingoni, akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Nilifurahi siku ile kuliko Krismasi zote.

Mzee Gidamis alipokuja kesho yake tulimpa shikamoo, akamzunguka mtamba wake, akaridhika. Baba alimsimulia yote, wakacheka pamoja, na kidude kikaruhusiwa kulia ndani ya nyumba, ila wakati wa sala.

Leo naishi mjini. Wanangu wanacheza gemu masikio yameziba, sura zimeganda, na huwezi kujua nani kashinda nani kalia. Nyumba nzima kimya, kama kuna mgonjwa. Nikiwaambia watoe sauti wananiambia, "Mama, unapiga kelele."

Desemba iliyopita nilikwenda Maretadu. Nilikuwa nimeipata ile gemu kwenye simu, na milio yake ni ileile. Nikasimama kando ya zizi, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaacha vitofali vijae. Pwee-pwe-pwe-pweee. Ng'ombe waliendelea kucheua. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Mlango wa nyumba ndio uliofunguka. Baba, ambaye siku hizi lazima umwite mara mbili ndipo asikie, alitoka na fimbo yake mkononi, koti limevaliwa upande mmoja, akiangaza huku na huko.

"Nani kapotea?" akauliza.

"Ni mimi, baba," nikamjibu. "Nimeshafika."